Mama ana miaka 79, yuko kwenye mashine, daktari anataka kumtoboa koo. Tukubali?

BintiWaWete: Assalaam alaykum jamani. Mama tumemvusha kutoka Pemba kuja Unguja kwa nimonia kali. Mpira umepita mdomoni, anaingia wiki ya pili kwenye mashine ya kupumulia. Daktari ametwambia tufikirie atobolewe koo, mpira upite shingoni. Kaka mkubwa kakataa, anasema mtu akishatobolewa ndio basi. Kabla ya kuumwa alikuwa akichambua karafuu zake mwenyewe uani. Nambieni.

MuuguziICU: Waalaykumu salaam dada, pole sana. Mwambie kaka tundu lile si la milele. Mgonjwa akiweza kupumua na kukohoa mwenyewe, mpira hutolewa na tundu huziba. Mpira wa mdomoni unakera, ndio maana wanapewa dawa nyingi za usingizi. Ukihamia shingoni dawa hupunguzwa, mtu anazinduka, anakalishwa, kinywa kinasafishika.

Lakini hautibu mapafu. Uingereza waliwafuatilia wagonjwa 909 katika utafiti wa TracMan: waliotobolewa ndani ya siku 4 na waliosubiri hadi baada ya siku 10, vifo vya siku 30 vilikuwa karibu sawa, kama 31 kwa kila 100. Na kati ya waliosubirishwa, zaidi ya nusu hawakutobolewa kabisa: wapo waliopata nafuu mapema, wapo waliofariki. Kwa hiyo muulizeni daktari: wamejaribu kumwachisha mashine? Ameshindwa kwa nini, mapafu au nguvu tu? Hizo karafuu za uani mtajieni. Kwangu mimi zina uzito kuliko hiyo 79, maana mzee aliyekuwa hajiwezi tangu mwanzo, mpira wa shingoni mara nyingi humrefushia kitanda tu. Na mama mwenyewe angetaka nini?

AmiChake: Marehemu baba alirudi nyumbani na mpira wa shingoni. Ulizeni mapema kuhusu mashine ya kunyonya makohozi, na umeme ukikatika mtafanyaje. Lazima awepo mtu wa kukesha, mpira ukiziba hakuna muda wa kutafuta gari.

BintiWaWete: Ahsanteni. Ataweza kusema?

MuuguziICU: Mwanzoni hapana, pumzi haifiki kwenye sauti. Baadaye lile puto la hewa linalouzunguka mpira ndani ya koo likishushwa, wengi husema. Mkikubali na akawa anasikia, mwambieni kabla, asije akazinduka akadhani kawa bubu.