Waongozaji wa filamu Mbeya, acheni kuita "mwisho wa wazi" filamu iliyoishia njiani

Wakuu, hili limenikaa kooni, leo nalitoa.

Filamu zetu za Nyanda za Juu Kusini zinaishia njiani, na mwongozaji akibanwa anajibu, "Nimemwachia mtazamaji atafakari." Atafakari nini? Binti kaporwa shamba la parachichi la marehemu baba yake kule Rungwe, hati haijulikani iko kwa nani, mjomba katiliwa sumu na aliyemtilia hajaonyeshwa. Ghafla binti kasimama stendi ya Uyole, droni inapaa mpaka mabati yanameremeta, kinanda kinalia, majina yanapanda. Hela iliisha, semeni tu!

Mwisho wa wazi ni kazi ngumu. Tazameni Inception ya 2010. Steringi anaingia ndoto za watu, na ana pia, kile kidude cha kuchezea kinachozungushwa mezani, cha kumpimia kama yuko ndotoni. Kanuni yake tunapewa mapema: ndotoni inazunguka bila kukoma, kwenye uhalisia inaanguka. Mwishoni steringi anaizungusha mezani, anaiacha hapo, anawafuata wanawe. Kamera inaisogelea, pia inayumba kidogo, skrini inakuwa nyeusi. Limebaki swali moja, na kipimo cha kulijibu tunacho. Tena yeye mwenyewe haiangalii, maana alichokihangaikia filamu nzima ni watoto, na kawafikia. Hata kwenye The 400 Blows ya mwongozaji Mfaransa Truffaut, ya mwaka 1959, yule mtoto anapotoroka na kukimbia hadi baharini, picha ikaganda usoni mwake, tulishaonyeshwa nyumbani, shuleni na kizuizini kulivyomshinda. Swali la aende wapi limejengwa tangu mwanzo.

Ninyi mnapiga sini kwa kufuata hadithi, ya kwanza siku ya kwanza, ya mwisho siku ya mwisho. Mvua za Novemba hadi Aprili zinakula siku, mwigizaji mkuu hajamaliziwa malipo yake anaondoka zake. Mkirudi Juni nyasi zimekauka: binti anatoka mlangoni kwenye kijani, anafika getini kwenye kahawia. Mwendelezo umekufa, basi mhariri anaambiwa afunge na droni.

Pangeni ratiba kwa mahali: sini zote za sehemu moja zipigwe pamoja, hata kama kwenye hadithi zimeachana. Skripti ya kurasa 90 ni kama dakika 90 za filamu. Zile kurasa tano za mwisho zipigwe siku za mwanzo, hela ikiwepo na mwigizaji akiwepo. Kabla ya kamera kutoka kwenye begi, andikeni kila swali mlilolifungua na sini inayolijibu. Likibaki moja, na ndilo filamu nzima imekuwa ikiliuliza, liacheni. Yakibaki manne, skripti haijaisha, mwandishi arudi mezani.

Na wale mnaokata katikati kwa makusudi ili muuze mara mbili, andikeni "Sehemu ya 1" kwenye kava, kwa herufi zinazosomeka, mtu ajue kabla hajatoa buku yake.