Mpira wa meza Uingereza: tuhesabu tangu 1901 au tangu 1922?

Mpigakata: Wakuu, kuna ubishi umenikaa kooni. Kila ninaposoma, sifa ya kuupa mpira wa meza vyama na kanuni Uingereza anapewa Ivor Montagu, kijana wa chuo cha Cambridge wa miaka ya 1920, wakati chama kilipofufuliwa na kupata jina la Table Tennis 1922. Sasa wale wa Desemba 1901 tunawaweka wapi? Mwezi huo palikuwa na mashindano makubwa Royal Aquarium, ukumbi wa burudani pale Westminster, London, na vyama viwili, cha Ping-Pong na cha Table Tennis, vikazaliwa ndani ya wiki moja. Kwangu mwanzo ndio huo. Mwenye hoja tofauti aje.

Wavu Mfupi: Mkuu, chama kilichokufa kabla ya kuota meno si mwanzo. Vile viwili vilivutana, vikaungana 1903, na kufikia 1905 hakuna kitu. Wa kuhesabiwa ni waliojenga kikasimama. Ile ya kwanza ilikuwa ping-pong ya sebuleni, watu wameshiba wanapitisha jioni. Tusiuite mchezo.

Mama Seti: "Ping-pong ya sebuleni"? Nimecheza miaka kumi na minane na naiita ping-pong mpaka leo. Neno hilo limekukosea nini? Na hiyo sebule unayoidharau ndimo wanawake walimocheza meza moja na wanaume.

Wavu Mfupi: Dada, wanawake sijawagusa, usinilishe maneno. Nimesema jina. Ping-Pong ilikuwa alama ya biashara ya Jaques, wauza vifaa. Chama chenye jina hilo kilitaka watu wacheze kwa vifaa vyao. Hapo unajenga mchezo au unajenga soko la mtu? Wenzao wa pili walijiita Table Tennis na kanuni zao mbali. Mchezo mmoja mdogo, serikali mbili. Lazima ungekufa.

Mama Seti: Umeeleza vizuri kwa nini chama kilikufa. Kwa nini neno ni la kudharauliwa, hujaeleza.

Mzee Refa: Wanangu, taratibu. Mnamsahau mama yake Montagu, Lady Swaythling, aliyetoa kombe la timu. Bila kombe lile mashindano ya kwanza ya dunia, London 1927, yangekosa uzito.

Mpigakata: Shikamoo mzee. Ni Desemba 1926, Memorial Hall, Farringdon Street. Yaliitwa ya Ulaya kwanza, ila India nayo ilikuwa na timu. Wahungaria wakazoa: Roland Jacobi kwa wanaume, Mária Mednyánszky kwa wanawake, na kombe la timu juu.

Mzee Refa: Marahaba. Asante kwa kunisahihisha. Kombe linabaki pale pale.

Kona ya Meza: Na hapo ndipo panaponiuma! Familia ya benki, mama anatoa kombe, mwana ana miaka 22 anakuwa rais wa Shirikisho la Kimataifa, anakikalia kiti mpaka 1967. Kisha tunaambiwa alikuwa mkomunisti, mtu wa wanyonge. Miaka 41, jamani!

Wavu Mfupi: Alikuwa mkomunisti kweli, Moscow wakampa Tuzo ya Amani ya Lenin. Pesa ya kwao aliileta kwenye mchezo wa watu wasio na kiwanja. Ulitaka ainywe? Mwingereza Fred Perry, ambaye baba yake alianzia kusokota pamba, alitwaa ubingwa wa dunia Budapest 1929.

Kona ya Meza: Na baada ya hapo akaenda zake kwenye tenisi ya nyasi, akachukua Wimbledon mara tatu. Mbona hakubaki kwa Montagu wako?

Wavu Mfupi: Kwa sababu tayari alikuwa bingwa wa dunia! Wewe una ugomvi na matajiri, si na mpira wa meza.

Mpigakata: Wakuu, niliuliza 1901 au 1922.

Mama Seti: Nakujibu, na Wavu Mfupi asome. Hao wafufuaji wake, 1921, walijiita Ping Pong Association. Jina walilibadili kuwa Table Tennis 1922 kwa sababu lilikuwa na mwenyewe kisheria. Walilipenda, wakanyang'anywa. Walirudi kuchota kisima kile kile cha 1901. Basi mwanzo ni 1901.

Wavu Mfupi: Jina nakuachia, dada. Mwanzo sikuachii. Chama cha England kilichosimama ni cha 1927, hata 1922 naona tumewahi.

Mpigakata: Sasa imekuwa miaka mitatu?