Eti "VUA HIYO SAA UNIPE"! Yule keshia leo amenivuruga kabisa

MkonoWaKushoto (mleta uzi)

Wadau, nimetoka sasa hivi kwenye lile duka. Mnalijua, sina haja ya kulitaja, kila siku humu ndani kuna mtu analia nalo. Na yule keshia mnamjua pia. Naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie.

Bidhaa zimepigwa, jumla imetoka. Nikabonyeza kitufe cha saa yangu janja mara mbili, kadi ya benki niliyoisajili humo ikatokea kiooni, nikanyoosha mkono kwenye mashine ili nilipe. Keshia akaivuta mashine! Akaikumbatia kifuani. Halafu kwa sauti ambayo naamini hata marehemu wameisikia: "VUA HIYO SAA UNIPE."

Vua. Hiyo. Saa. Unipe.

Nivue! Mbele ya foleni ya watu wazima na watoto wao! Nikamwambia kwa upole kabisa, ndugu yangu, saa inakaa hapa hapa, wewe sogeza tu mashine. Akajibu kwamba hawapokei "mambo ya saa", wanapokea kadi. Anasema hivyo huku kidole gumba chake kimekalia ile alama ya mistari minne iliyopinda, iliyochapishwa kwenye mashine hiyo hiyo aliyoishika! Aliyenitangulia amegusisha kadi pale pale, ikalia, akaondoka zake. Sasa kadi ya kugusisha, simu na saa zote zinatumia NFC ile ile, yaani mawimbi ya redio ya karibu, umbali ule ule wa sentimita chache. Mashine haina ubaguzi. Mwenye ubaguzi ni yeye.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki: saa ukiivua INAJIFUNGA. Kwa chini ina vihisi vinavyojua kama inagusa ngozi. Ukiitoa tu mkononi, hailipi kitu mpaka uandike namba ya siri upya. Ndiyo maana mwizi akikupora hawezi kwenda kununua nayo. Ulinzi wote umejengwa juu ya saa kubaki mkononi, halafu mtu anakwambia uivue ndipo akuhudumie. Ni sawa na kumwambia mwenye nyumba ang'oe mlango kwanza ndipo afungue kufuli.

Na msiniambie ni teknolojia ngeni. Google Wallet, ya kulipa kwa simu, ilianza 2011. Apple Pay, ya kazi hiyo hiyo, ilianza Oktoba 2014, na saa yao Apple Watch ikaingia sokoni Aprili 2015. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo anasoma na kuandika, na hiyo alama angeitambua hata usiku wa manane.

Mwisho nikatoa kadi, maana wa nyuma yangu alishaanza kunipumulia shingoni. Nikagusisha. Ikalia PALE PALE, mahali pale pale nilipokuwa nimepeleka mkono wangu. Yule keshia akanipandisha akanishusha, akamgeukia mwenzake: "Huyu alitaka kunilipa kwa saa." Watu wakacheka! Wakadhani nilikuja kuweka saa rehani!

Sirudi pale. Hata wakigawa bure sirudi.

Bila_Salio

Naweka kambi hapa. Ila mkuu sema ukweli, ulivua au hukuvua?

MkonoWaKushoto

SIKUVUA. Nimeandika wazi kabisa, someni jamani.

Mzee wa Noti

Punguza povu, kijana. Mimi natoa noti, nachukua chenji, naondoka. Tangu nizaliwe hakuna keshia aliyewahi kuniambia nivue chochote.

Sharubu

😂😂 Huyo keshia naye ana lake. Mimi alinishika mkono kabisa akaugeuza kama anapima mapigo ya moyo, eti anatafuta "chipu iko upande gani". Na mashine yao wameifunga kwa waya mfupi upande wa kulia. Wenye saa mkono wa kushoto tunajikunja kiuno kizima ndipo kioo kifike. Nani aliwaambia binadamu wote wanavaa saa kulia?

MkonoWaKushoto

@Sharubu ASANTE. Wewe angalau alikushika mkono. Mimi aliniambia NIVUE.

Nipo_Kaunta

Mimi ni keshia, si wa duka hilo, na leo mtanisikiliza. Kosa la mwenzangu nalikubali, alama ipo, angetulia tu asogeze mashine. Lakini nyie wateja wa simu na saa mnatuchosha! Unanisukumia mkono kabla sijaingiza kiasi. Mashine haijaamka, wewe unagonga, unagonga, halafu unanitolea macho kwamba "haisomi". Itasoma nini wakati haijaambiwa idai kiasi gani? Subiri taa ziwake ndipo ugusishe, na ukigusisha TULIZA MKONO mpaka ilie. Wengine mnapitisha kama mnafukuza nzi. Na simu zenu zina makava mazito ya chuma, mawimbi yanapita wapi hapo? Mafunzo yenyewe hatupewi, tunawekewa mashine mpya asubuhi na kuambiwa "mtazoea".

Bila_Salio

Dah, sasa uzi umenoga. Keshia kajitokeza.

MkonoWaKushoto

@Nipo_Kaunta kiasi kilikuwa kimeshaingizwa na taa zinawaka. Sikugonga popote. Nilinyoosha mkono kistaarabu kabisa nikaambiwa nivue saa.

Risiti_Mkononi

Mleta uzi pole, ila wenzako tuna makubwa. Mimi nililipa kwa simu, nimefika nyumbani kitu kibovu, nikarudisha. Dada wa huduma kwa wateja akaomba kadi, akalinganisha tarakimu 4 za mwisho na za kwenye risiti. Hazifanani! Akaniuliza mbele ya watu hiyo risiti NIMEIOKOTA WAPI. Nimekuwa mwizi wa risiti mimi! Akamwita meneja, meneja akamwita mlinzi.

Waya_Mwekundu

@Risiti_Mkononi hapo wao ndio hawajui kazi. Ukisajili kadi kwenye simu, mashine ya duka haipewi namba halisi ya kadi yako. Inapewa namba mbadala iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa hicho tu, pamoja na msimbo unaotumika kwa muamala huo mmoja. Kwa hiyo data za duka zikiibiwa, mwizi anabaki na namba asiyoweza kununulia hata pipi. Tarakimu za kwenye risiti ni za namba hiyo mbadala. Simu ina yake, saa ina yake, hata kama kadi ni moja. Fungua kadi kwenye programu ya malipo, hizo tarakimu utaziona humo, mwonyeshe. Na pesa zirudishwe kwa kugusisha kifaa kile kile ulicholipia.

Risiti_Mkononi

Nilimweleza! Akasema "usinifundishe kazi."

Mzee wa Noti

Noti haina namba mbadala. Nasema tu.

Chaji_Moja

@Mzee wa Noti leo nakuunga mkono, na sikutegemea. Niliacha pochi nyumbani kwa kuringa, simu ikazima nikiwa mbele ya keshia na mzigo umeshafungwa. Nikaurudisha kimoja kimoja rafuni huku foleni inanitazama.

Sharubu

Sasa wewe unatoka na chaji moja halafu unalaumu nini? Jina lako lenyewe linajieleza 😂

MkonoWaKushoto

Jamani turudi kwenye mada. VUA. HIYO. SAA. Hakuna anayeona uzito wa hilo neno?

Bila_Salio

Tumeuona mkuu, tulia. Mimi wanaonitia kichaa ni wale wanaosubiri jumla itajwe ndipo waanze kutafuta simu. Umesimama foleni muda wote huo, ulidhani unakuja kusalimia? Simu anaitoa, uso haukubali kwa sababu ya barakoa, namba ya siri anakosea, kadi iliyokaa mbele siyo anayoitaka, anaanza kuzipekua.

Nipo_Kaunta

NA ANAPOKEA SIMU KATIKATI. Programu ya malipo ipo wazi, simu inaita, anapokea, ananinyooshea kidole kwamba nisubiri. Mimi nisubiri!

Risiti_Mkononi

Afadhali hao. Kuna wanaolipa, wanapewa risiti, halafu wanasimama pale pale kukagua mstari kwa mstari mizigo ikiwa bado kaunta.

Nipo_Kaunta

@Risiti_Mkononi usinikumbushe. Na hizo risiti zinafifia, mtu anakuletea karatasi nyeupe tupu anadai ni ya mwezi uliopita.

Risiti_Mkononi

Kwani ni kosa langu kufifia? Nyie ndio mnanunua karatasi hizo!

Waya_Mwekundu

Hiyo ni karatasi ya joto, wino haina. Ukiiacha kwenye gari juani imekwisha. Ipige picha siku hiyo hiyo.

Sharubu

Na wanaoingiza mzigo wa kilo mia kwenye kaunta ya vitu vichache hatuwasemi leo?

Bila_Salio

@Sharubu fungua uzi wao, nahamia huko sasa hivi.