Dawa ya silva kwa meno ya mtoto, meno yanageuka meusi, nishaurini

MamaLangoni: Salamaleko wenzangu. Niko Lamu, kijana wangu ana miaka 4, meno manne ya mbele yameoza na gego moja pia, daktari wa meno anataka kumpaka ile silva daiamini floraidi, hapigwi sindano wala hachongwi jino, ni kibrashi na kama dakika moja basi, ila kasema palipooza patakuwa peusi tititi na hapatoki. Arusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao, nitamtoaje mbele za watu? Kuna aliyempaka wake?

Baharia_Shela: Wangu alipakwa, akalalamika mdomo una ladha ya chuma. Kidogo kilimgusa shavuni pakawa peusi, kikatoka chenyewe baada ya siku kadhaa, lakini kanzu yake doa liko mpaka leo. Meno ya mbele si ataota mengine akifika 6 au 7?

BiMkubwa: Mnawalaza na chupa ya maziwa ya sukari mdomoni, mchana ubuyu, halafu mnashangaa. Sisi tulilelewa na mswaki wa mti, mwanangu.

Muuguzi_Malindi: Dada, dawa ni ya kweli, Shirika la Afya Duniani liliitia kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Inasimamisha uozo, haizibi tobo, na kwa kawaida baada ya miezi 6 hurudiwa. Lakini hilo gego hujalieleza. Usiku analia? Ufizi umevimba?

BiMkubwa: Na mafuta ya karafuu je?

Muuguzi_Malindi: Bi, tumuache ajibu.

MamaLangoni: Gego lina kijipu kwenye ufizi, kinatoa usaha kinakauka kinarudi, wiki ya tatu sasa, usiku nampa panadoli. Daktari alisema lile ling'olewe, mimi ndiye niliyesema tungoje arusi ipite, nguo imeshashonwa na mpiga picha nishamlipa. Namjua mwanangu, anavumilia.

Kijana_Wiyoni: Ngoja kwanza. Mwezi uliopita huyu aliandika humu ana binti wa miaka 9. Leo kijana wa miaka 4? Mtu anatafuta wateja wa dawa.

Baharia_Shela: Hata mimi naanza kushtuka.

MamaLangoni: Binti ndiye mkubwa wake, nilimuulizia madrasa! Wallahi mngemsikia anavyoguna usingizini msingeandika hivyo.

Muuguzi_Malindi: Hata kama kaitunga, kuna mama anasoma hapa na mtoto wake ana usaha. Dawa ya silva haiponyi jino lililofika huko na kijipu hakingoji arusi. Shavu likivimba au homa ikipanda, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Gego ling'olewe, ya mbele yapakwe.

Kijana_Wiyoni: Basi samahani dada. Mpeleke.

MamaLangoni: Nimesema na babake, kesho asubuhi tunakwenda. Ila ya mbele, nimpake kesho hiyo hiyo au baada ya arusi?