Meli kubwa Cape Town–Tenerife au meli ndogo kuzunguka Dakar? Naomba mawazo kabla ya Ijumaa

Mwana_wa_Chumbageni
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kumpeleka mama matembezini pwani ya Afrika Magharibi kwa meli ya kitalii, zile za kifahari. Wakala anataka amana Ijumaa. Nimebakiwa na mbili.

Ya kwanza ni meli ya abiria kama 700. Inaondoka Cape Town, Walvis Bay, Luanda, São Tomé, Cotonou, Lomé, Takoradi, Abidjan, Dakar, inamalizia Tenerife. Siku 24. Chumba kina roshani, vinywaji na bakshishi vimo ndani ya bei.

Ya pili ni ndogo, abiria hawafiki 200, inaanzia Dakar na kurudi Dakar, siku 11. Inaingia mto Gambia na visiwa vya Bijagós kule Guinea-Bissau. Kwa siku ni ghali zaidi, ila jumla inakuwa nafuu kwa kuwa siku ni chache.

Ipi bora? Na aliyewahi kupanda aniambie maisha ya humo ndani yakoje.

Kiroboto_Sugu
Nimechukua siti ya mbele. Ngoja waje wenye hela zao, sisi wa kivuko cha Kigamboni tusome.

Nyambura_wa_Ruaka
Mleta uzi, umeacha yote ya maana. Mwezi gani? Mama ana miaka mingapi, na magoti yake yakoje? Mnasafiria pasipoti za nchi gani? Amechanjwa homa ya manjano? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

Baharia_wa_Likoni
Mwanangu, mimi nilikuwa stuadi wa vyumba kwenye meli hizo miaka tisa, na njia hiyo ya kutoka Cape Town nimeipita mara nne. Usidhani siku 24 ni siku 24 za kutembea. Bandari za katikati ulizotaja ni nane, kwingine kote ni maji tu.

Mwanzo kuna baridi. Mkondo wa Benguela unapanda na maji ya kusini, Walvis Bay asubuhi ukungu umetanda na watu wamevaa sweta. Ukishaiacha Luanda ndipo joto linakuja na unyevu wake, ukifungua mlango wa roshani miwani inapata ukungu hapo hapo. Upepo si mkali. Kuna lakini mawimbi mapana, yanazaliwa na dhoruba za mbali kusini ambazo wewe huzioni wala huzisikii. Bahari utaiona kama mkeka, na bado meli inalala kushoto, inalala kulia, usiku kucha. Kwa hiyo mama mchukulie chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini. Wakala atakusukumia cha juu mbele kwa sababu ndicho cha bei. Huko ndiko kwenye bembea.

Maisha ya ndani ni ya ratiba. Jioni unaletewa karatasi ya mambo ya kesho: asubuhi mhadhara juu ya nchi mnayoiendea, saa kumi chai na keki, usiku mmoja au miwili nahodha anakaribisha watu kwa suti. Saa zinarudishwa nyuma mkielekea magharibi, mkifika Dakar mmeshapata saa mbili za bure. Wazee wanazipenda hizo, wanalala.

Kondakta_Mstaafu
Hela hizo zote za nini? Panda ndege Nairobi hadi Accra, shuka, chukua basi. Accra hadi mpaka wa Aflao ni kilomita kama 200, ukivuka tu uko Lomé mjini. Siku ya pili uko Cotonou. Utakula na watu, utasikia lugha zao. Kwenye meli utaona Afrika kupitia kioo.

Kiroboto_Sugu
Kondakta, ameandika MAMA. Umuweke mama wa watu kwenye foleni ya Aflao na jua lile?

Kondakta_Mstaafu
Mama yangu mimi alikwenda Kigoma kwa treni akiwa na miaka 74 na kuku wawili.

BintiMeru
Mleta uzi, soma hapa taratibu. Mimi na mume wangu tulipanda meli ya namna hiyo ya kwanza kutimiza miaka 20 ya ndoa. Jina la kampuni naliacha, tulishamalizana.

Kwanza São Tomé, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiiota. Bandari yake ina kina kifupi, meli kubwa inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa boti ndogo. Tulipangwa kwa makundi, sisi kundi la saba. Kundi la kwanza likaenda. La pili likaenda. La tatu likarudi limelowa hadi kifuani, bibi mmoja ameumia mkono kwa kuparamia ngazi wakati boti inapanda na kushuka. Nahodha akatangaza kwamba imetosha, hakuna kushuka tena. Tukakaa kwenye roshani tunautazama mji ule, nyumba tunaziona, kengele ya kanisa tunaisikia. Mume wangu akasema hii ndiyo roshani ya gharama kuliko zote alizowahi kukalia. Tulichorudishiwa ni ada ya bandari, hela ya chai ya watu wawili. Mkataba unasema nahodha ana haki ya kuruka bandari yoyote, na kweli umesema, tuliusaini bila kuusoma.

Bandari iliyofuata wakapanda watu wa afya kukagua kadi za chanjo. Kadi ya mume wangu ilikuwa kwenye droo nyumbani, Sakina, Arusha. Alikuwa na picha yake kwenye simu. Picha haikukubaliwa, na hapo simlaumu mtu isipokuwa yeye. Nikashuka peke yangu. Niliporudi nikamkuta kazoeana na hakimu mstaafu wa Kijerumani, wanacheza drafti, hana habari.

Kisha tumbo. Daktari wa meli alinipa dawa na dripu moja, bili ikaingia kwenye akaunti ya chumba kwa dola. Bima tuliyokuwa nayo haikugusa zahanati ya melini. Kwa hiyo bima, uliza maneno mawili: matibabu ndani ya meli, na kubebwa kwa ndege kutoka bandari ya mbali.

La mwisho nitalisema kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha. Kati ya abiria mia kadhaa, Waafrika weusi tulikuwa sita. Mara mbili mume wangu aliombwa taulo pale kwenye bwawa la kuogelea. Mara ya pili akaenda, akaileta, akaomba bakshishi. Yule mzungu aliiva kama nyanya. Wahudumu walicheka hadi jikoni, na tangu siku hiyo tulikula vizuri kuliko nahodha.

Kiroboto_Sugu
Shemeji apewe maua yake 😂

Mwana_wa_Chumbageni
Poleni dada, na asante. Majibu kwa aliyeuliza: meli kubwa ni mwisho wa Machi, ndogo ni Januari. Mama ana miaka 70, goti la kushoto linamsumbua. Mimi nina pasipoti ya Kanada, yeye ya Tanzania. Chanjo sijui, nitamuuliza.

Nyambura_wa_Ruaka
Sasa ndiyo umeongea! Tenerife ni Hispania, mama anahitaji viza ya Schengen ili kushuka tu na kupanda ndege ya kurudi. Umeshaomba? Cape Town hana shida, Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza. Benin na Gambia nazo zimefungulia Waafrika wote. Nchi nyingine pitia moja moja, maana meli zinaweza kukukatalia kupanda kama huna viza ya kila bandari inayoidai, hata uape hutashuka.

Na chanjo usiichukulie kama jambo la kwenda kuchomwa kesho. Aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa homa ya manjano, daktari anapima kwanza, maana madhara huwa mengi kidogo kwa umri huo. Kama alichanjwa zamani hana haja ya kurudia, tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Akichanjwa sasa, cheti kinaanza kufanya kazi baada ya siku 10.

Sharifa_Mskati
Mimi nipo upande wa meli ndogo. Nilikwenda Bijagós. Visiwa vinafika 88, vingi havina mtu. Kisiwa cha Orango kuna viboko wanaoingia hadi maji ya chumvi, nilisimuliwa nikadhani ni hadithi hadi nilipowaona masikio. Mwaka 2025 UNESCO wameviingiza kwenye urithi wa dunia, kwa hiyo wahi kabla havijajaa watu. Kwenye mto Gambia mnapita kisiwa cha Kunta Kinteh, zamani kikiitwa James, kinaliwa na maji kila mwaka. Jioni mnakula watu wale wale, kufikia siku ya tatu mnaulizana habari za wajukuu.

Ila goti, mwanangu. Bijagós hakuna gati. Unashuka kwenye boti ya mpira, unakaa ukingoni, unageuza miguu, unatumbukia majini hadi magotini, unatembea hadi mchangani. Kurudi hivyo hivyo. Wapo mabaharia wa kukushika, lakini kila siku, mara mbili. Na Januari ni harmatan, vumbi la Sahara. Jua linakuwa kama sahani ya bati, picha zote zinatoka za kijivu.

Mzee_Kifimbo
Kwanza turekebishane. Walvis Bay ya Namibia na Luanda ya Angola si Afrika Magharibi. Mleta uzi anauziwa kusini kwa jina la magharibi.

Pili, kuna jambo linanikereketa. Watu wanatoka kwenye meli ya shampeni, wanapelekwa kwa basi Elmina, kule Ghana. Ngome ile Wareno waliijenga 1482, miaka kumi kabla Columbus hajavuka bahari. Wanashushwa kwenye shimo walimofungiwa watumwa, wanalia dakika kumi, saa kumi na moja wako kwenye meli wanakula kamba. Na tena meli! Mimi ningeshindwa kumeza.

Sharifa_Mskati
Mzee wangu, kwa heshima zako zote. Unguja, kanisa la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Watu wanatoka pale wanakwenda Forodhani kula pweza. Wewe mwenyewe hujala?

Mzee_Kifimbo
Nimekula. Lakini nilikwenda kwa miguu.

Baharia_wa_Likoni
Mzee ana lake, tusimbeze. Nimewaona Wamarekani weusi wakirudi kutoka kisiwa cha watumwa cha Gorée, pale Dakar, na Elmina, wanajifungia vyumbani, hata chakula unawaachia mlangoni. Na wapo waliorudi wanauliza karamu inaanza saa ngapi. Takoradi yenyewe ni bandari ya kazi, manganizi, boksiti, boti za mafuta. Basi hadi Elmina ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mama akae siti za mbele, barabara ina matuta.

Kuhusu maharamia, maana najua swali linakuja: zamani tukipita Ghuba ya Guinea usiku tulizima taa za sitaha na abiria waliombwa wafunge mapazia. Tangu 2021 mashambulizi yamepungua sana. Bado meli inakaa mbali na mdomo wa mto Niger.

Mwana_wa_Chumbageni
Nilisahau, chakula. Mama hali kisichochinjwa.

Baharia_wa_Likoni
Andika kwa barua wakati wa kulipa, si siku ya kupanda. Jiko linaagiza shehena mapema. Wakishindwa, samaki hawakosekani.

Sharifa_Mskati
Senegal na Gambia ni Waislamu wengi, bara hatapata tabu. Na Dakar ale wali wao na samaki, thieboudienne. Ndio baba wa wali mwekundu wote wa pwani ile, Waghana wakisema wao ndio wenyewe usiwasikilize.

Kondakta_Mstaafu
Wali wa Ghana ni bora. Nimeula kituo cha basi.

Nyambura_wa_Ruaka
Huu mjadala hauna mshindi na nyote mnajua pilau ya Mombasa inawashinda.

Sharifa_Mskati
Hapo tena tutagombana.

kijana_wa_Mbagala
Samahani wakuu, natoka nje ya mada. Baharia, kazi ya ustuadi mtu anaipataje? Nina cheti cha hoteli.

Baharia_wa_Likoni
Anza na mafunzo ya usalama baharini, yale ya STCW, viwango vya kimataifa vya mabaharia. Kwenu yapo chuo cha DMI Dar es Salaam, kwetu Mombasa ni Bandari Maritime Academy. Bila hayo hakuna meli itakayokugusa. Wakala akikuomba hela ya kukutafutia kazi, mkimbie. Na ujue utafanya miezi kadhaa mfululizo bila siku ya mapumziko, nyuma ya mlango ambao mgeni haruhusiwi kuupita. Kizulia huku, sakafu ya chuma kule.

Mwana_wa_Chumbageni
Jamani uzi wangu 😅 Nimempigia mama. Kadi ya njano anayo, ya tangu alipokwenda hija. Boti ya mpira nimemwonyesha video, akasema yeye mtoto wa Tanga, amepanda mitumbwi kabla sijazaliwa, niache kumzeesha. Tenerife hajui ni wapi ila viza ya wazungu hataki tena kupigwa picha. Halafu akauliza kama tutakuwa tumerudi kabla ya kikao cha kikoba cha tarehe tano.

Nyambura_wa_Ruaka
Fungua hiyo kadi uangalie kama imeandikwa homa ya manjano. Wengi walioenda hija wana ya uti wa mgongo tu.

BintiMeru
Na kikoba ni tarehe tano ya mwezi gani?

kijana_wa_Mbagala
Baharia nimekuandikia inboksi, ada ya DMI sasa hivi ni shilingi ngapi?