Fundi kanitolea boksi la eya klina (lile la chujio la hewa ya injini), kanipigia bati la paa eti ndo "hit shildi", yaani kinga ya joto. Boksi langu liko wapi?

Wakuu heshima kwenu, naandika nikiwa na hasira mpaka vidole vinatetemeka, mtanisamehe mpangilio.

Nina Subaru Forester SG5 ya turbo, mwaka wa nne huu naitunza kama mtoto. Mwezi wa tatu nikaipeleka kwa fundi mmoja maeneo ya Tabata, simtaji, sevisi tu ya oili na plagi basi. Narudi jioni nakuta boksi la eya klina halipo, pale pamekaa filta ya koni nyekundu iko uchi kabisa pembeni ya injini kama pambo la harusi. "Bosi nimekuwekea na spoti, sasa hivi itavuta." Nilikuomba?? Na laki na nusu juu! Nikalipa kwa ujinga wangu, maana nilivyowasha nikasikia ule mluzi wa turbo nikajiona niko kwenye rali.

Utamu ulikuwa siku tatu. Nikiingia kwenye foleni ya Ubungo gari linakuwa zito, nakanyaga linawaza kwanza ndo liende, af mafuta linabugia. Nikanunua kale kadude ka kusomea kompyuta ya gari kwa bluetooth, nikakuta hewa inayoingia kwenye injini ni digrii 64 wakati nje ni 32. Yaani injini inavuta jasho lake yenyewe! Na hewa ikipanda kutoka 32 mpaka 64 inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 10, oksijeni inapungua, kompyuta nayo inaogopa noki (mafuta kulipuka ovyo ndani ya injini) inarudisha taimingi, yaani inachelewesha cheche za plagi. Nguvu itoke wapi sasa?

Nikarudi kwa mheshimiwa. Hakushtuka hata kidogo, "aah bosi hapo imebaki hit shildi tu, elfu 80". Wakuu, jamaa kachukua bati la paa, la paa kweli, kalinyoosha kwa nyundo na migongo yake bado unaiona, kapiga riveti tatu kwenye bodi akamaliza. Juu kaacha nafasi ya vidole vinne mpaka kwenye bonet kwahiyo joto linaruka ukuta linaingia kama kawaida. Nikamuuliza hewa ya baridi itatokea wapi, akanionesha ile pua ya juu ya bonet. Ile pua bana inapeleka hewa kwenye intakula, kile kipoozeo cha hewa ya turbo, sio kwenye filta! Fundi wa Subaru hajui hilo!!

Na ukingo wa bati kauacha mkali hauna hata mpira. Wiki mbili likawa linasaga waya wa sensa ya hewa mpaka shaba ikatokeza, nikazimikiwa juu ya daraja la Mfugale saa moja usiku, nyuma yangu daladala zinapiga honi na matusi ya kila aina.

Basi nikatengeneza mwenyewe Jumamosi. Nikakata kwanza kadibodi mpaka ikakaa sawa, nikaenda Gerezani nikapata kipande cha alumini, nikakunjia kwenye kona ya meza (mke wangu bado ananuna). Ukingo wa juu nikavalisha mpira wa mlango wa gari ili bonet ikifungwa ibane kabisa, upande wa injini nikabandika foili, kwenye nati nikaweka washa za mpira bati lisishike joto la bodi, af nikavuta bomba la inchi 3 kutoka nyuma ya grili. Msiliteremshe chini kwenye bampa, mvua za masika ukipita Jangwani injini ikinywa maji konrodi (vile vyuma vinavyosukuma pistoni) zinapinda, hapo utauza gari kwa kilo. Jumla elfu 55. Foleni ile ile sasa hewa inasoma digrii 47, gari likiwa kwenye mwendo inasoma digrii 36.

Ila sasa kinachoniuma ni kwamba hivyo vyote boksi la kiwandani lilikuwa linafanya bure! Plastiki, limefunikwa pande zote, mdomo wake unavuta hewa ya nje. Kumuuliza fundi liko wapi, "lile plastiki bosi? Nilishampa jamaa."

Jana nikapita Shauri Moyo kuulizia boksi la SG5. Dogo akanitolea moja, elfu 180. Naligeuza, nakuta klipu moja imefungwa na waya mwekundu. Wakuu, ule waya nimeufunga mimi, kwa mkono wangu, mwaka juzi.

Dogo anasema yeye kauziwa tu na hapunguzi hata mia. Nimemwomba aliweke mpaka kesho saa nne. Nilinunue boksi langu mwenyewe au niende na polisi, na nitathibitishaje ni langu kwa kawaya tu? Mwenye uzoefu aseme haraka, na anayetaka kuniambia "si ungesimamia gari lako" apite tu leo siko vizuri.