Maji yenye floraidi shuleni Maji ya Chai: nianzie wapi kuwasemea watoto?

Binti_wa_Usa:
Wakuu, salaam. Shule ya msingi ya kijijini kwetu, kata ya Maji ya Chai huku Meru, inatumia bomba linalotoka chemchemi ya mlimani, na tunahofia maji yake yana floraidi nyingi, yaani madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Watoto wengi meno yameingia ukahawia na wachache miguu imepinda. Nataka kulisimamia jambo hili mpaka lifanyiwe kazi. Sina cheo, sina shirika. Wapo wanaonishauri nisajili NGO kwanza, wengine wanasema nipige picha za watoto nizirushe mtandaoni. Naomba mwongozo: naanza na nani, naandika nini, na hasa nidai kitu gani?

Mraghbishi_Tengeru:
Dada, habari ya NGO iweke kando kwa sasa. Usajili unataka katiba, ada na taarifa za kila mwaka, na nguvu zote zitaishia kwenye makaratasi kabla hujaonana na mtu yeyote wa maji. Ukiwa mkazi na umetimiza miaka 18, tayari wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mamlaka unayoyahitaji yako hapo.

Tafuta watu watano hadi wanane: wazazi wenye watoto shuleni hapo, mjumbe wa kamati ya shule, mwalimu mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mtu wa chombo cha watumia maji cha kijiji. Huyu wa mwisho usimwache nje kabisa. Akizisikia habari pembeni ataona mnakuja kumshtaki, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa tenki na daftari la matengenezo.

Sasa dai lenyewe, maana wengi hukwama hapa. "Tunaomba maji safi na salama" hakuna ofisa anayeweza kulijibu. Atasema mradi uko kwenye mpango, na atakuwa amejibu. Dai liwe na kitu, kiasi, mwenye kuamua, na tarehe. Kwenye floraidi kuna nafuu moja kubwa ambayo watetezi huisahau: inayodhuru ni ile inayoingia tumboni. Maji ya kudekia, kunawia na kumwagilia bustani yanaweza kubaki yale yale. Kwa hiyo unadai kiasi kidogo tu.

Piga hesabu. Mtoto mmoja, lita 1 ya kunywa na nusu lita ya uji au makande. Wanafunzi 400 ni lita 600 kwa siku. Paa la madarasa la mita 8 kwa 20 ni mita za mraba 160. Kila milimita 100 za mvua zinakupa lita 16,000, toa asilimia 20 ya kumwagika na kusafishia paa, zinabaki 12,800. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Lakini tenki moja la lita 10,000 linakwisha kwa siku 16 za masomo. Kati ya Julai na Oktoba, kabla ya vuli, kuna siku za masomo kama 80, yaani lita 48,000. Hayo ni matenki matano na gata (mifereji ya kukinga maji ya paa) kwenye mapaa mawili, na lazima yawe yamejaa masika yanapokwisha. Shule nyingi hupewa tenki moja, likakauka mapema, watoto wakarudi bombani, kisha ikasemwa uvunaji wa mvua haufai. Hesabu hii ibandike kwenye barua.

Maabara_ya_Maji:
Kabla ya barua, pima. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Chemchemi yenye maji meupe inaweza kuwa nayo nyingi kuliko mto wenye tope, na vyanzo viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya miamba ya volkano ya Mlima Meru inayopitiwa na maji.

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, siyo ya kioo, kwa sababu floraidi huweza kushikana na kioo na kuharibu kipimo. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale, ijaze, funga. Andika juu yake jina la chanzo, mahali, tarehe, saa, na aliyechukua. Chukua kwenye chemchemi yenyewe, kwenye bomba la shule, na kwenye chanzo kingine chochote ambacho kijiji kinakitumia. Rudia kiangazi na baada ya masika. Mvua huweza kuyazimua maji, na mtu akipima Aprili tu atapata namba inayofariji bila sababu. Maabara za maji za serikali zinapima kwa malipo, na kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto kipo kwenye kata yenu hiyo hiyo. Mwalimu mkuu aandike barua ya kuomba kipimo ili majibu yatoke kwa jina la shule. Karatasi yenye jina la shule haikataliwi kirahisi kama ya mtu binafsi.

Jihadhari na jambo moja. Kiwango cha Tanzania kwa sasa ni miligramu 1.5 kwa lita, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kabla ya mwaka 2018 kilikuwa 4.0. Nyaraka za zamani bado zimo kwenye majalada, na mtu anaweza kukwambia kwa nia njema kabisa kwamba maji yenye 3.2 yamefaulu. Yalifaulu kwa kiwango cha zamani. Muulize kwa upole anasoma kiwango cha mwaka gani.

Pia msiseme miguu yote iliyopinda ni floraidi. Upungufu wa vitamini D au kalsiamu hupinda miguu vilevile. Watoto hao wapelekwe kwa daktari. Na msiwaahidi wazazi kwamba maji mapya yatang'arisha meno: doa limeingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi. Watakaonufaika kwenye meno ni walio chini ya miaka 8 na watakaozaliwa. Kampeni inayoahidi meno meupe huumbuka ndani ya mwaka mmoja.

Mtendaji_Mstaafu:
Mmesema vyema. Mimi niongeze kalenda, kwani hoja nzuri iliyochelewa huzikwa na bajeti.

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, na Bunge hukaa nayo Aprili hadi Juni. Ukija na barua Machi utaambiwa subiri mwaka ujao, na ndivyo ilivyo kweli. Lenga mkutano mkuu wa kijiji wa Septemba. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wiki kadhaa kabla, mwandikie mwenyekiti kupitia mtendaji ajenda iingizwe. Ukiibukia kwenye "mengineyo" watu wameshaanza kuondoka.

Barua iwe ukurasa mmoja. YAH, yaani kichwa cha barua, iseme kitu chenyewe: "Ombi la matenki matano ya maji ya mvua ya kunywa, Shule ya Msingi…" Ambatisha majibu ya maabara na hesabu. Nakala kwa mwalimu mkuu, diwani, na meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kama mnahudumiwa na AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, nakala iende huko, ankara ya maji itakuonyesha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani.

Mkutano ukikubali, kaa mpaka azimio lisomwe kwa sauti na liandikwe kwenye muhtasari: nani atafanya, lini. Kisha omba nakala. Bila muhtasari, Kamati ya Maendeleo ya Kata haina cha kujadili. Ukitaka taarifa ofisini na unazungushwa, andika ombi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Maandamano sikushauri kwa hatua hii. Mkiamua hivyo, taarifa ya maandishi polisi ni angalau saa 48 kabla.

Binti_wa_Usa:
Shikamoo mzee, asanteni wote. Maswali mawili. Wakisema matenki ni ghali na kupendekeza vichujio vya mkaa wa mifupa, nikubali? Na hizo picha?

Maabara_ya_Maji:
Kichujio cha mkaa wa mifupa kinafanya kazi, ila uliza mambo matatu kabla ya kusaini. Nani atapima maji yanayotoka? Mkaa ukishashiba floraidi, maji yanaendelea kutoka safi machoni huku hayachujwi tena. Nani atalipia mkaa mpya, na upo kwenye bajeti gani? Na mifupa imechomwaje: isiyoiva huacha harufu, watoto wakayakataa maji, iliyochomwa kupita kiasi mpaka ikawa nyeupe inapungua nguvu. Waelezeni wazazi mapema kwamba ni mifupa ya ng'ombe, mkizungumza na masheikh na wachungaji pia. Likijulikana baadaye kwa uvumi, kichujio kitawekwa stoo.

Na wapishi wa shule waambiwe: kuchemsha hakuondoi floraidi, huizidisha kwa kuwa maji yanapungua. Magadi kwenye maharage nayo huongeza.

Mraghbishi_Tengeru:
Picha za nyuso za watoto usirushe, dada. Mtoto wa darasa la tatu atachekwa kwa picha hiyo mpaka sekondari, na mzazi aliyeudhika atakuangusha mkutanoni mbele ya watu wote. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukihitaji picha, piga bomba, chemchemi na karatasi ya maabara. Mzazi anayetaka kusimama mwenyewe aseme kuhusu mwanawe, mpe nafasi ya kwanza kwenye ajenda, kabla yako.